Shokapu moja Bonga, roho tatu juu ya siti

SIKU Simba au Yanga inapotua Babati, barabara ya kutoka Bonga haipumui. Tangu asubuhi bodaboda zinapita moja baada ya nyingine kuelekea Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, jezi nyekundu huku, njano na kijani kule, na nyuma ya kila dereva wamebanana abiria wawili. Mshikaki. Trafiki anaujua, abiria anaujua, dereva ndiyo kabisa, na safari inaendelea.

Ilikuwa hivyo Februari 2025, Mnyama alipobanwa sare ya 1-1 na Fountain Gate, na ikawa hivyo tena Aprili, Wananchi walipoondoka na ushindi wa mabao 4-0. Tangu Fountain Gate ihamie Babati msimu wa 2024/25, Ligi Kuu si kitu cha kusikiliza redioni tena kwa watu wa Manyara. Ipo mlangoni, na wa kuwafikisha mlangoni ni bodaboda.

Kutoka Bonga hadi Babati mjini ni kilomita 19.2 za lami, kipande cha mwisho cha barabara ya Dodoma, Kondoa hadi Babati yenye kilomita 251, ambayo Rais John Magufuli aliizindua Aprili 2018. Lami ni nzuri, na kwa sababu ni nzuri watu wanakimbia. Lakini shabiki mwingi haanzii kwenye lami. Anaanzia huko ndani, kwenye njia za udongo, makorongo na mawe, ambako hiyohiyo pikipiki inayombeba Jumamosi ilikuwa imebeba magunia ya mahindi na mbaazi wiki nzima.

Njia hizo ndizo zinazoua shokapu za nyuma. Oili inavuja, springi inalala, na pikipiki inabaki inagonga kama mkokoteni. Dereva ananunua mpya mbili dukani, baada ya muda mfupi zimevuja tena. Ndipo linapokuja wazo ambalo sasa ni stori ya vijiwe: achana na shokapu mbili za pembeni, funga moja nene katikati, chini ya siti, kama pikipiki za mashindano.

Pikipiki inayofanyiwa hivyo mara nyingi ni ya zamani. Ya mkataba haiguswi fremu, maana mpaka rejesho la mwisho lilipwe, si mali ya dereva. Ni ile Honda kuukuu ya shokapu mbili, au toyo iliyomaliza mkataba zamani na mwenyewe ameamua kuipa maisha mapya. Shokapu inatolewa kwenye pikipiki kubwa iliyokufa, bomba linatafutwa kwenye chuma chakavu, fundi wa kuchomelea anaitwa, na jioni chombo kinasimama kimenyanyua makalio juu kinoma. Watu wanapiga picha. Kesho yake kinapakia abiria.

Hapo penye “kesho yake kinapakia abiria” ndipo pa kuongelea.

Wazo lenyewe si la kuchekwa. Dunia nzima ilihama huko. Mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden alichukua ubingwa wa dunia wa mbio za matopeni za pikipiki za cc 250 akiwa na Yamaha ya shokapu moja, kwa ubunifu wa mhandisi wa Ubelgiji aitwaye Lucien Tilkens. Kabla ya hapo karibu kila mtu alikuwa na mbili za pembeni na hakuona tatizo. Yamaha wakaiingiza kwenye pikipiki za kuuzwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Honda, Kawasaki na Suzuki nao wakawa na mitindo yao ya shokapu moja. Ofisa kilimo yeyote aliyewahi kupanda Yamaha DT kwenye vijiji vya Tanzania ameikalia teknolojia hiyo, pengine bila kujua.

Kwa hiyo kijana wa Bonga anayetaka shokapu moja hajachanganyikiwa. Tatizo ni kwamba Yamaha hawakuchukua pikipiki ya shokapu mbili wakatoa moja. Walichora upya mkono wa nyuma, walichora upya fremu, na shokapu yenyewe waliitengeneza kwa kazi hiyo.

Shabiki wa mpira ataelewa haraka zaidi akikumbuka Yanga ya Nasreddine Nabi. Mbele alisimama Fiston Mayele peke yake, na mwaka 2023 timu ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Mayele akiwa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao saba. Kuna makocha wa mchangani waliona hilo wakasema kumbe straika mmoja anatosha. Wakamtoa mmoja kwenye 4-4-2 yao, wakamwacha aliyebaki anakimbia peke yake kama mtoto aliyepotea sokoni. Hawakuona kwamba nyuma ya Mayele kulikuwa na Stephane Aziz Ki, mawinga wa kumlisha, na viungo waliojua mpira ukipotea nani anarudi wapi. Walipunguza mtu mbele bila kugusa timu nyingine.

Pikipiki ni vilevile, na hesabu yake si ngumu.

Shokapu mbili za kawaida zimesimama karibu na ekseli ya tairi la nyuma. Tairi likipanda, nazo zinabonyea karibu kiasi hichohicho. Uzito ukiwa kilo 150 juu ya tairi la nyuma, kila moja inabeba kama kilo 75. Sasa hamishia kazi kwenye shokapu moja ya katikati, karibu na pale mkono wa nyuma unapofungwa kwenye fremu. Tairi likipanda sentimita 15, hiyo shokapu inaweza kubonyea sentimita tano tu. Imekuwa moja kwa tatu, na kama ilivyo kwa mtu anayeng'oa kisiki kwa mtaimbo, unachopunguza kwenye mwendo unakilipa kwenye nguvu. Zile kilo 150 za kwenye tairi zinakuwa kilo 450 kwenye shokapu, kwenye bolti yake, na kwenye kile kipande cha chuma kilichochomelewa jana jioni. Hapo pikipiki imesimama tu. Ikitumbukia kwenye shimo na mshikaki juu, inazidi hapo mara kadhaa.

Ugumu wa springi nao haupandi mara tatu, unapanda mara tisa, maana tofauti hiyo inaingia kwenye nguvu na inaingia tena kwenye mwendo. Ndiyo sababu anayechukua moja kati ya zile mbili za zamani akaifunga katikati anakuwa amefunga godoro. Na anayechukua shokapu ya pikipiki kubwa bila kuangalia ilitoka kwenye chombo cha uwiano gani anabahatisha. Inaweza kuwa laini mno ikagonga mwisho kila shimo, au ngumu mno tairi likawa linaruka badala ya kushika ardhi. Tairi lisiloshika ardhi halina breki, hata breki zikiwa mpya.

Halafu kuna ule mkono wenyewe. Kiwandani ulitengenezwa kwa bomba jembamba kwa sababu ulisukumwa mwishoni, karibu na ekseli. Ukiusukuma katikati unapinda kama fimbo inayovunjwa kwenye goti. Lazima uongezewe kiunzi cha pembetatu, juu au chini, kinachopeleka nguvu hadi kwenye ekseli. Kwenye fremu hali ni hiyohiyo: shokapu za zamani zilishikwa na mabomba ya nyuma chini ya siti, ya katikati inashikwa na uti wa mgongo wa pikipiki. Kuchomelea sikio moja la bapa kwenye bomba tupu ni kualika ufa. Panahitaji kipande cha kusambaza nguvu kwenye mabomba mawili au zaidi, na bolti ishikwe pande zote mbili, isining'inie upande mmoja kama kitasa.

Mafundi wazuri wanayajua haya, na wengine wanayafanya vizuri kuliko wanavyoweza kuyaeleza. Anayejua kazi anavua pikipiki yote ibaki mifupa. Anafunga mkono kwa muda bila springi, ananyanyua tairi hadi mwisho wa safari yake aone kama linagusa siti, madigadi au kizibao cha cheni. Anavuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele aone kama yako mstari mmoja, kwa sababu joto la kuchomelea linavuta chuma, na mkono uliovutwa kidogo tu unaila cheni na kuivuta pikipiki upande. Cheni yenyewe anaipima pale inapokaza zaidi, yaani ekseli, ungio la mkono na gia ndogo ya mbele vikiwa kwenye mstari, siyo pikipiki ikiwa kwenye stendi makalio yakining'inia. Akimaliza anampandisha dereva na mzigo: nyuma inatakiwa ishuke robo mpaka theluthi moja ya safari yake yote. Isiposhuka, springi ni ngumu. Ikilala, ni laini.

Anayelipua kazi anaangalia kitu kimoja, kama nyuma imenyanyuka.

Na kunyanyuka huko kuna gharama yake. Nyuma ikipanda, uma wa mbele unasimama zaidi, usukani unakuwa mwepesi na wenye wasiwasi kwenye mwendo mkali. Kwenye njia ya ng'ombe dereva anafurahia, inakata kona kama Pacome. Kwenye lami ya Bonga kwenda Babati, kilomita 80 kwa saa na abiria wawili nyuma, wepesi huohuo unakuwa mtetemo ambao dereva hajawahi kukutana nao.

Kasoro mbili zinasahaulika sana na zote hazionekani kwenye picha. Ya kwanza ni boksi la hewa. Shokapu ya katikati inakaa palepale lilipokuwa boksi la kuchuja hewa, kwa hiyo linatupwa, kabureta inabaki inavuta wazi. Kwa vumbi la Manyara wakati wa kiangazi, hiyo ni kulisha injini mchanga. Ringi zinakwisha, moshi unaanza, na lawama inaangukia oili. Hii haiui mtu, inaua mtaji.

Ya pili inaua mtu. Breki ya nyuma ya pikipiki nyingi hizi ni ya ngoma, na sahani inayobeba viatu vya breki inazuiwa isizunguke na fimbo fupi iliyofungwa kwenye mkono wa nyuma. Mkono unapokatwa na kuchomelewa upya, sikio la fimbo hiyo linaondoka. Akija fundi mwenye haraka anaifunga kwa waya, au anaiacha. Siku dereva atakapokanyaga breki kwa nguvu, sahani inazunguka na tairi, inajifunga, na tairi la nyuma linakufa palepale. Nyuma yake wamekaa watu wawili waliovaa jezi, bila kofia ngumu, wakiimba.

Hapa ndipo wakubwa wa soka la Babati wanapoingia, hata kama wataona si lao. Klabu, chama cha mpira na wasimamizi wa uwanja wanahesabu tiketi kuanzia getini. Mashabiki wao wanaanza safari kilomita 20 au 40 kabla ya geti. Kwenye mechi kubwa kunakuwa na mpango wa jukwaa la wageni wa heshima, mpango wa magari ya timu, mpango wa polisi wa ndani ya uwanja. Mpango wa bodaboda haupo, kana kwamba hao watu wanadondoka kutoka Mlima Kwaraa. Mechi ikiisha giza linaingia, na wote wanaondoka kwa mara moja, wengine wamefungwa nne na wana hasira.

Kuweka sehemu ya maegesho ya bodaboda yenye taa, na viongozi wa vijiwe wakasimama hapo na trafiki kabla ya mechi, si jambo la bajeti kubwa. Mtu mwenye macho anahitaji dakika mbili kwa pikipiki iliyobadilishwa: aangalie maungio yaliyochomelewa kama yana ufa, ashike tairi la nyuma alitikise pembeni kusikia bushi, atafute ile fimbo ya breki. Viongozi wa vijiwe wanazijua pikipiki zote za kwao kwa majina ya utani. Wanajua ipi imekatwa, nani alikata, na nani alikimbilia abiria kabla rangi haijakauka. Hawa watumike.

Njia rahisi ya viongozi wengi itakuwa kupiga marufuku. Amri ya namna hiyo haijawahi kutengeneza pikipiki hata moja. Itawasukuma mafundi kufanya kazi usiku nyuma ya nyumba, na trafiki atapata sababu nyingine ya kusimamisha watu. Wanaotaka shokapu moja hawataacha kwa sababu shida iliyowafikisha huko, zile njia na zile shokapu zinazovuja, itakuwa bado ipo.

La maana zaidi ni yule fundi. Vijana wengi wanaochomelea pembeni mwa barabara hii hawana cheti chochote, wamejifunza kwa kushika tochi ya fundi mkubwa. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi anapimwa kwa kazi yake, anaelekezwa anapopungukiwa, anapewa cheti. Utaratibu huo ni wa kuletwa Bonga kwa miguu, kwenye mabanda yao, badala ya kungoja waufuate mjini. Fundi mmoja akielewa ile moja kwa tatu, akielewa kwa nini kilo 150 zimekuwa 450, ameokoa pikipiki zote zitakazopita mkononi mwake, na hakuna semina ya usalama barabarani itakayofanya kazi hiyo kwa bei hiyo.

Na kama vijana wanataka kweli kuonyesha vyombo vyao, wapewe sehemu ya kuvionyesha. Kenya wanakimbiza pikipiki kwenye udongo Jamhuri, Nairobi. Uganda wana Garuga, karibu na Entebbe. Manyara ina ardhi, vilima na wendawazimu wa kutosha. Mbio ya siku moja, dereva peke yake juu ya siti, kofia ngumu kichwani, chombo kimekaguliwa kabla ya kuanza, ingewafundisha mafundi mengi kuliko mwaka mzima wa kubeba abiria. Fremu ikikatika huko, inakatika mbele ya watu wanaotaka kujua kwa nini, na anayeanguka ni mtu mmoja aliyeamua mwenyewe. Kurasa za michezo nazo zina deni hapa, zimezoea kuandika bodaboda pale tu mchezaji wa mtaani anapopata ajali nayo.

Mpaka hayo yafike, dereva mwenye pikipiki ya shokapu moja anajua la kufanya bila kungoja barua ya mtu. Aibebeshe gunia kwanza. Gunia la mahindi la kilo 100, lifungwe vizuri, apite nalo njia mbaya wiki mbili akirudi kila jioni na kitambaa kufuta vumbi kwenye maungio, maana ufa mpya unaonekana kama unywele mweusi kwenye rangi. Bolti zikazwe tena baada ya siku ya kwanza. Likidondoka gunia, litaokotwa.

Shabiki naye ana mdomo. Kabla hajapanda kuelekea Kwaraa, achungulie upande wa breki ya nyuma. Akiona waya wa kufungia mahali pa fimbo, amwambie dereva kiroho safi kwamba atasubiri nyingine, hata kama mpira unaanza saa kumi na sasa ni saa tisa na nusu.